Kadi Mbili za Tamsin

Tamsin Ogden alikuwa na kadi mbili za benki, ya bluu na ya zambarau. Ya bluu aliipata alipoanza chuo hapo Sheffield, kwa sababu benki ile iliwapa wanafunzi kadi ya punguzo la treni bure, na yeye hupanda treni kila mwezi kwenda kwa nyanya yake Grimsby. Ya zambarau aliichukua mwaka wa pili kwa sababu ya ovadrafti, ile ruhusa ya kutumia pesa usizo nazo bila kulipa riba. Ovadrafti ya zambarau ilikuwa maradufu ya ile ya bluu.

Fomu ilimuuliza kama hiyo ndiyo akaunti yake pekee ya mwanafunzi. Alitia alama ya ndiyo. Kieran, waliyekaa naye nyumba moja, alimwambia kila mtu hutia alama hapo hapo.

Jumatatu barua ikaingia mlangoni. Benki ya zambarau ilikuwa imeiona ya bluu, na baada ya siku saba ingeiondoa ovadrafti na kudai papo hapo chochote alichotumia. Tamsin alikuwa hajagusa hata senti yake. Alikuwa ameitunzia siku ya Ijumaa, maana ni mwezi huu wa Novemba ambapo wanafunzi hukodi nyumba ya mwaka unaofuata, na wao watano walikuwa wametia saini mkataba mmoja. Mmoja asipolipa amana kabla ya Ijumaa saa sita mchana, wote watano wanaikosa nyumba.

"Fungua ya tatu," Kieran alisema, akipaka siagi mkate wake mpaka pembeni. "Kuna benki ya kijani."

"Halafu ya nne nikufungulie wewe, usije ukaona wivu."

"We mtakatifu. Nenda basi ukaungame."

"Nakwenda kweli."

Na akaenda. Tawi la zambarau hufunguliwa Alhamisi mpaka saa nane tu, hivyo alikosa kipindi cha takwimu. Alichana nywele, akavaa koti zuri la nyanya yake lenye vifungo vikubwa, akapanga foleni nyuma ya wazee wenye vitabu vya akiba.

Karani alikuwa Bwana Dalgleish, mtu mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwenye uzi. Tamsin alimwambia yote, kadi zote mbili na ile alama, wala hakumtaja Kieran.

"Kwa nini ulikuja kwetu, binti?"

"Ovadrafti yenu ni kubwa kuliko ya kule."

"Uko mwaka wa pili?" Alivaa miwani. "Kule huongeza mwaka wa pili. Ila hawakuongezei wenyewe. Lazima uombe."

Mwaka mzima Tamsin alikuwa akiitazama ile tarakimu ndogo ya ovadrafti ya bluu kwenye simu kama vile imechongwa kwenye jiwe.

"Sikuomba."

"Wengi hawaombi. Huja kutudanganya sisi." Hakusema kwa ukali. Aliifunga akaunti, akakata kadi ya zambarau kwa mkasi, akampa karatasi yenye mhuri kuthibitisha kwamba imefungwa. "Vuka barabara. Wao hufunga saa tisa."

Alivuka. Dada wa benki ya bluu, Shabnam kwa mujibu wa kibao kifuani, alisoma historia yake, akaona hajawahi kupitiliza kiwango, akasema kuna jambo moja tu la kuthibitisha. Akamgeuzia kioo cha kompyuta. Lilikuwa swali lilelile: hii ndiyo akaunti yako pekee ya mwanafunzi?

Tamsin aliweka karatasi ya mhuri juu ya kaunta, akainyoosha kwa kiganja.

"Tangu nusu saa iliyopita," alisema, "ndiyo."

Shabnam alicheka, akaisoma, akabonyeza. Ijumaa asubuhi amana ya Tamsin ilifika ya kwanza kati ya zote tano, na Kieran ndiye aliyelipa wa mwisho, saa sita kasoro dakika nne.