Mpira Mfupi wa Breki

Leodgar, fundi pikipiki wa Mwandiga, hakuwa na siri katika chuki yake kwa Bonfils. Hata kuku wa stendi waliijua. Skolastika, binti yake wa pekee, alihamia kwa kijana huyo kule Katubuka bila kuaga, na tangu siku hiyo Leodgar hakumtaja mkwewe kwa jina. Alimwita "mkimbizi" tu. Bonfils kazaliwa hapahapa Kigoma. Aliyevuka ziwa ni baba yake, mzee Bigirimana, tena akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Lakini ukimwambia Leodgar hayo, atakujibu kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, kisha atatema mate.

Ilikuwa ile miaka Warundi walipokuwa wakivuka tena kwa maelfu, na maneno kama hayo hayakumtia mtu aibu. Vijiwe vizima viliyatafuna pamoja na kashata.

Basi asubuhi moja huyohuyo Bonfils akaja kwenye banda la Leodgar akisukuma pikipiki yake, usukani mpya mrefu ameufunga kwa kamba juu ya kiti.

"Bwakeye, databukwe," alimwamkia kwa Kirundi, akainama kidogo.

"Baba mkwe wako mtafute kwenu, ng'ambo," Leodgar akajibu. "Unataka nini?"

Wabeba mawese wote walikuwa wakibadilisha usukani siku hizo. Dumu likikaa juu ya tangi, usukani mfupi unaligonga kila kona. Nyaya za klachi na za mafuta Bonfils alishanunua ndefu. Kilichomleta ni breki ya mbele.

"Skola amekataa mtu mwingine aguse breki," alisema. "Kasema kama si baba yake, bora nitembee kwa miguu."

Maneno hayo yalimchoma Leodgar moyoni, na kwa kuwa yalimchoma, ndipo alipozidi kukasirika. Akamnyang'anya usukani.

Alipomaliza kuufunga, aliweka gogo chini ya injini mpaka tairi la mbele likaning'inia na shokapu zikashuka zote. Akakata usukani hadi mwisho wa kushoto, akaukata hadi mwisho wa kulia, huku akipitisha kamba kutoka kwenye mkono wa breki hadi chini kwenye diski. Ndivyo alivyopima siku zote. Mafundi wenzake hupima pikipiki ikiwa imesimama na mzigo juu, shokapu zimebonyea, ndiyo maana wateja wao hawakauki hospitali. Akafunga fundo pale kamba ilipoishia. Mpira wa zamani, ule unaopitisha mafuta ya breki, ulipungua vidole vinne. Mpira mrefu, mzima kabisa, uliotoka kwenye pikipiki kubwa, ulikuwa unaning'inia msumarini nyuma ya kichwa chake.

Hakuugusa. Alisubiri Bonfils ageuke kusalimiana na madereva wenzake, akauchomoa mpira wa zamani kwenye vishikio vyake na kuupitisha njia ya mkato. Ukafika. Tairi likiwa limenyooka, ulifika vizuri tu. Akajaza mafuta ya breki, akatoa hewa, akabinya: ngumu, safi. Lakini kwenye mteremko wa kwenda mjini, kona ya kwanza yenye shimo, mpira ule ungevutika hadi ung'oke. Tusimpambe mtu hapa. Alijua, na akapangusa mikono.

"Imeshika?" Bonfils akauliza.

"Si ubinye mwenyewe? Una mikono."

Bonfils akabinya, akatabasamu. "Asante sana, databukwe." Kisha akapiga honi mara mbili.

Ng'ambo ya barabara, nyuma ya meza ya wauza samaki wa migebuka, Skolastika akainuka. Alikuwa amekaa pale muda wote akiogopa kuja. Akavuka, macho chini.

"Shikamoo, baba," alisema taratibu, akapanda nyuma ya mumewe.

Leodgar hakuitikia. "Shuka!"

"Nimekuamkia tu, baba."

"Nimesema shuka!"

Bonfils alikuwa ameshawasha pikipiki. Leodgar akanyakua kisu cha kukatia matyubu, akaruka mbele yao, akaukata ule mpira. Mafuta ya breki yakachuruzika juu ya tairi.

Madereva wakaja mbio. Mmoja wao, Erick, akamkamata mkono wenye kisu. "Mzee, roho mbaya gani hii? Unaharibu kazi yako mwenyewe?"

"Ulikuwa mfupi," Leodgar akasema, pumzi zikimwenda mbio.

"Kaufunga nani?" Bonfils akauliza.

Leodgar akakiachia kisu. Watu wote wakamgeukia.

Skolastika alishuka polepole. Huyu alikulia kwenye banda hili. Yeye ndiye aliyekuwa akimshikia baba yake ncha ya kamba kila alipopima. Akaiokota ile kamba chini, akalipapasa fundo. Akautazama mpira mrefu msumarini. Kisha, kwa mara ya kwanza siku ile, akamtazama baba yake usoni.

"Ulipima," alisema.

Akaidondosha kamba miguuni pa baba yake. Yeye akashika upande mmoja wa usukani, Bonfils upande mwingine, wakaisukuma pikipiki kuelekea mjini. Leodgar akauvuta mpira mrefu kutoka msumarini, akawafuata akimwita binti yake mpaka maduka yalipoishia. Skolastika hakugeuka.