Maneno ya Kukariri

Mkalimani wa mahakama alilala ubavu, fuvu limefunguliwa, yu macho kabisa. Hakusikia maumivu, baridi tu ya chumba cha upasuaji. Nyuma ya pazia, daktari aligusa upande wa kushoto wa ubongo wake kwa umeme mdogo unaozima sehemu kwa muda, akitafuta pa kupitisha kisu kuufikia uvimbe. Mbele yake alikaa mtaalamu wa lugha, kijana mwenye karatasi mkononi.

"Mama, nijengee neno. 'Pika': sisi, kesho, kwa ajili yao."

"Tutawapikia."

"'Soma': wao, jana, kwa ajili yangu."

"Walinisomea."

"Mama wewe ni moto wa kuotea mbali! Daktari, hapo salama."

Salama. Karatasi ile aliijua. Juzi kijana aliisahau wodini, dada yake mkalimani akaipiga picha, wakaikariri yote wawili.

"Usije ukaniaibisha huko ndani," dada alimtania.

Kijana alikuwa amemweleza kwamba upande wa kushoto ndio fundi mkuu wa kuunga vipande vya neno. Neno lililokaririwa zimazima huenda likatoka hata upande wa kulia. Maelezo yaliingia sikio hili yakatokea lile. Leo yalirudi. Kama fundi wake yuko hapo, wanamkata! Na mahakamani atasimama kama gogo, mtu afungwe kwa kukosa wa kumsemea.

"Haya, nakata," alisema daktari.

"Ngoja!" alisema mkalimani. "Mwanangu, nimeiba mtihani."

"Umefanya nini?"

"Mimi na dada yangu. Tumeikariri karatasi yako yote."

Daktari akarudisha kisu.

"Jamani," daktari alisema, "mtu anaibia mtihani wa kichwa chake mwenyewe?"

Muuguzi alicheka. Kijana hakucheka, aligeuza karatasi, akaandika maneno mapya.

"Turudi palepale, mama. 'Shona': sisi, kesho, kwa ajili yao."

Umeme ukagusa.

"Shona... sisi... wao... shona..."

Vipande vilikuja kimoja kimoja, havishikani. Alivikimbilia, vikamponyoka. Machozi yakamlowesha shavu. Umeme ulipoondolewa, neno likatoka lenyewe: "Tutawashonea."

"Hapo hatukati," kijana alinong'ona.

Daktari akabandika hapo kwenye ubongo kikaratasi chenye namba moja.

"Bado sehemu ngapi?"

"Kumi na moja, mama."

Aliukamata mkono wa kijana. Ulikuwa wa baridi kuliko wake.

"Lete lingine," alisema.