Paa Moja na Mama Mkwe

Jirani yangu Eustace aliponiona natoa viti vya Coaster na kufunga vitanda, alisimama pale kwenye michongoma akaniuliza, "Evodi, mwenye nyumba kakufukuza?"

"Nyumba ni yangu, Eustace."

"Basi kakufukuza mke."

Mtaa wetu wote wa Misunkumilo ulicheka, na mimi nikacheka nao. Mtu ukinunua Coaster iliyochoka, ukaiwekea vitanda, jiko la gesi na mapazia ya vitenge, halafu ukasema unaenda kulala porini kwa hiari yako, kuchekwa umekutaka mwenyewe. Wenzangu wa idara ya mifugo walisema nimekaa na wafugaji mpaka nimeanza kuhamahama. Binti yangu Wema aliliita geto la matairi. Mke wangu Kasilda aliliita "hilo dude lako" mpaka siku nilipofunga sinki na maji yakatoka. Tangu hapo likawa gari letu.

Lakini mwenye safari hakuwa mimi. Ni mama mkwe wangu, Mama Pelagia, mkulima wa mpunga wa Kibaoni. Mwaka huu goti lilimkatalia kuingia majarubani, akamwachia shamba mdogo wake Isidori. Siku moja akampigia Kasilda simu.

"Mwanangu, viboko nimewaona maisha yangu yote, lakini ni usiku tu, na tochi, napiga debe nikiwatukana wasimalize mpunga wangu. Nataka siku moja niwaangalie nimekaa, nakunywa chai. Kama Wazungu."

Ombi la mama mkwe halikataliwi. Tatizo ni kwamba kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawalali chini ya paa moja. Hata kuangaliana usoni ni shughuli. Tukikutana njiani mimi naingia kwenye majani. Kwa hiyo nilijipanga: Mama, Kasilda na watoto watalala ndani ya gari, mimi nje kwenye hema. Tulipompitia Kibaoni akakaa kiti cha nyuma kabisa, na mimi nikakigeuzia juu kile kioo cha ndani nisije nikamwona kwa bahati mbaya. Nimeendesha hivyo mpaka kambi ya watalii, naona dari tu.

Kambi yenyewe ni mpya, iko kando ya mto, siyo mbali na kwake. Nilikuwa nagongelea kigingi cha kwanza cha hema alipokuja mlinzi, bwana mmoja anaitwa Ponsian.

"Mzee, hicho nini?"

"Hema langu."

"Ng'oa."

"Ning'oe kwa nini?"

Akanionyesha nyasi zilizolala chini, zimechora njia kutoka mtoni, inapita kati ya choo na bomba. "Hiyo ni barabara kuu ya viboko. Jua likizama wanapanda kula. Hapa kila mtu ndani ya gari lake."

"Basi nilale kwako."

"Kwangu chumba kimoja, na mke wangu hataki masihara."

Nikakunja hema. Kasilda akaniangalia, nikamwangalia, wote tukaiangalia Coaster, ambako Mama alishavua viatu.

"Turudi," Kasilda akaninong'oneza. "Tumrudishe Mama kwake mapema, nasi tutafute pa kulala."

Dirisha likafunguliwa. "Nani anarudi?"

Kabla hatujajibu, pikipiki ikaingia na vumbi lake. Mjomba Isidori. Tulipita sokoni Kibaoni na vitanda vinaonekana dirishani, na habari ya namna hiyo haisubiri mtu. Hakuzima hata pikipiki.

"Dada, panda."

"Shikamoo umeiacha nyumbani?"

"Shikamoo, dada. Panda."

"Marahaba. Sipandi."

Akanigeukia mimi. "Na wewe msomi! Kitanda chako na cha mama mkwe wako, umetenganisha kwa kanga!"

"Kitenge, mjomba." Ulimi wangu huu, sijui nitaupeleka wapi.

"Babu, lakini hii siyo nyumba," Wema akasema. "Ni gari."

"Lina paa? Lina mlango? Lina vitanda na jiko? Basi ni nyumba. Matairi siyo hoja."

Mdogo wake Wema, Kassiani, akaongeza kwa majivuno, "Na sinki lipo." Kasilda akamfinya.

Nikaona nitumie akili. "Mjomba, nisikilize. Mimi nakaa kwenye usukani mpaka asubuhi, mkanda nimefunga. Dereva akiwa kwenye usukani, watu wako safarini. Lile basi la Sumbawanga si lilikwama kwenye tope masika? Wangapi walilala humo na wakwe zao? Nani alisemwa?"

Isidori akakuna kidevu. Nikajua imeingia. "Na ufunguo uwe mahali pake," akasema.

"Utakuwepo."

"Na usisinzie."

"Mimi sitaki," Mama Pelagia akasema.

Akashuka, mkono mmoja umeshika goti, akaja mpaka mbele yangu. Mimi macho nimeyapeleka kwenye tairi.

"Niangalie, baba."

Nikaangalia. Miaka yote ya ndoa sikuwa nimewahi kuyaona macho yake vizuri. Ni ya Kasilda kabisa, yamechoka tu.

"Nilipoanguka nikaumia goti, ukanipeleka hospitali Mpanda. Kasilda alipokwenda kutafuta dawa, wewe ulisimama nje ya wodi na mvua inakunyeshea. Watu wakasema Pelagia ana mkwe mwenye heshima. Mimi nilikuwa kitandani nataka maji ya kunywa, na hapakuwa na wa kunipa."

Hilo sikuwa nalijua.

"Heshima hiyo mimi nimeshiba," akasema. "Leo utalala kitandani kwako, na mimi kitandani kwangu. Sitaki mambo ya usukani, kama tumeiba. Atakayeniuliza, nitamwambia nimelala."

"Watu watasema nini, dada?"

"Watasema Pelagia kalala gari moja na mkwe wake. Si ndivyo itakavyokuwa? Waseme."

"Basi ukirudi usinijie shambani!"

"Shamba langu? Nimekupa ulime, Isidori, sijakupa ulimi wangu. Rudi Kibaoni ukaseme unachotaka. Mimi nimekuja kuangalia viboko."

Kasilda alikuwa ameshika mdomo. Halafu akamshika mama yake mkono na kusimama naye. Huyu aliyetaka turudi. "Mjomba, Mama haondoki," akasema. "Na sisi hatuondoki."

Isidori akataka kujibu, lakini nyuma yetu, huko mtoni, kitu kikacheka kwa ile sauti nzito inayotoka tumboni. Ponsian akaja mbio. "Ndani! Ndani wote! Wameanza mapema!"

Jitu likatokea kwenye nyasi, limelowa, linang'aa, likaja kusimama kati ya pikipiki na lango. Watu wanasema ukubwani mtu hakimbii. Mimi nimemwona mjomba wa mke wangu akinipita kwenye ngazi za Coaster, na yeye ndiye aliyefunga mlango.

Polepole kila mmoja akaanza kupiga hesabu moja: mjomba wa mke naye ni mkwe. Sasa chini ya paa moja nilikuwa nao wawili.

"Chai, Isidori?" Mama akauliza.

"Dada..."

"Mlango haujafungwa kwa ufunguo. Kama unataka nje, nenda."

Akapokea chai.

Mama akavuta pazia akakaa dirishani. Kiboko alikuwa karibu, anang'oa nyasi kwa midomo, kraa, kraa, bila haraka. Sikusikia tusi. Mama alimwangalia mpaka chai ikapoa, akasema tu, "Kumbe ana masikio madogo hivi." Halafu akapanda kitandani, akavuta kitenge, akalala. Nami nikalala.

Asubuhi Isidori alishuka, akasimama pembeni ya gari. "Dada, mimi usinitaje."

"Sitakutaja."

Kasilda akaniambia nipite njia ya mashambani. Mama alishakaa kiti cha mbele, karibu yangu. "Baba, pita sokoni," akasema. "Na upite taratibu."

Nikapita taratibu. Pale kwa wauza mchele akaniambia nisimame. Mama Cecilia, ambaye ndiye redio ya Kibaoni, akaja mpaka dirishani.

"Pelagia! Umelala wapi?"

"Humu. Na mkwe wangu, huyu hapa. Anakoroma kama mashine ya kukoboa."

Wanawake wakaacha kupima mchele. Mama Cecilia akanitazama nione aibu, na kichwa changu chenyewe kilitaka kwenda chini. Nikakikatalia. "Shikamoo, mama," nikamwambia, usoni kabisa.

Pikipiki ya Isidori ilikuwa imesimama nyuma yetu. "Na wewe Isidori," Mama Cecilia akamgeukia, "haya ulikuwa unayajua?"

Mama Pelagia hakugeuka. Aliita muuza ndizi, akaanza kuchagua chane, moja moja, ili mdogo wake apate nafasi ya kudanganya akitaka.

Isidori akazima pikipiki.

"Nilikuwemo," akasema. "Tumelala sote."