Msuko wa Tatu Kutoka Mwisho

Msusi alikuwa na usaili kesho yake, wa kazi ya kutangaza kwenye vipaza sauti vya hospitali, na Kiingereza chake kilikuwa na ugonjwa mmoja sugu: kila neno refu alilikazia pale pale anapokazia Kiswahili, silabi ya pili kutoka mwisho.

"Fiziothe-RA-pi," alisoma.

Wifi yake, muuguzi, aliyekaa chini akisukwa, akaangua kicheko. "Wifi, mgonjwa akisikia hiyo anarudi nyumbani mbio, na mguu mbovu hivyo hivyo!"

"Cheka. Kichwa chako kiko mikononi mwangu."

Wateja waliojazana kwenye benchi wakapiga vigelegele.

"Haya, nisuke hilo neno," wifi akasema. "Kila silabi msuko wake. Maneno haya ya hospitali mengi yana tabia moja: hesabu kutoka mwisho, wa tatu ndio uvute."

Msusi akagawa nywele mafungu sita. Fi, zi, o. Alipofika *the*, akavuta.

"Mama wee!"

"Nimepatia?"

"Umepatia, umeniua!"

Basi benchi zima likawa darasa. Kila mmoja alileta neno lake, na wifi akalipa kwa ngozi ya kichwa. Jioni ilipoingia, upande mmoja ulikuwa umesukwa vizuri, upande wa pili umesimama kama uliopigwa shoti. Wifi akajifunga kitambaa, akaenda zake akilalamika njia nzima.

Asubuhi, mwenyekiti wa jopo akamsukumia msusi karatasi. Neno moja, refu kama foleni, na hakuna aliyewahi kulileta benchini. Idara ya dawa za usingizi. Vidole vikatafuta kichwa cha kushika, hakipo.

Akashika chake mwenyewe. Akahesabu misuko saba, akarudi kutoka mwisho, wa tatu akauvuta mpaka chozi likamlenga.

"A-nes-the-zi-O-lo-ji."

Mwenyekiti akavua miwani. "Mbona unajivuta nywele?"

"Nasoma, mzee."

Wanajopo wote watatu wakacheka, na mwenyekiti akasema: "Jumatatu uanze. Na hizo nywele usizifumue."

Wifi alikuwa akimsubiri nje, kitambaa hadi kwenye nyusi.

"Umepata?"

"Nimepata!"

Wifi akamkumbatia, kisha papo hapo akaketi kwenye ngazi za hospitali, mgongo kwake, akafungua kitambaa.

"Hongera, wifi yangu. Sasa nimalizie. Na leo ukisema neno lolote, liwe fupi."