Idi ya Ghorofa ya Tatu

"Ndizi? Siku ya Idi unanipikia ndizi?"

"Mchele hakuna, mama. Nimezunguka soko la Kikuubo lote, duka kwa duka. Ungeleta mchele badala ya hizo nazi kumi na mbili, sasa hivi tungekuwa na pilau."

"Nani anabeba mchele kupeleka Uganda, nchi ya chakula?"

Mama mkwe wangu, Bi Kulthum, alishuka basi la Mombasa siku tatu kabla, na gunia la nazi, viungo vya biriani na nia moja: kuondoka na binti yangu Sabah, wa miaka saba, akamlee kwao.

"Hapa atakua hajui sikukuu," alisema. "Majirani wote polisi na wanajeshi, na si Waislamu. Atampa nani mkono wa Idi?"

Mume wangu Hamdun alikuwa bado msikitini, na afadhali. Mbele ya mama yake hukubali kila kitu.

Nilipaka kuku viungo vyake vya biriani, nikafunga vipande kwenye majani ya mgomba pamoja na tui zito, nikavipika kwa mvuke juu ya ndizi, kama wafanyavyo Waganda. Bi Kulthum alionja. Akaongeza chumvi, akaonja tena, na tena.

Mombasa watoto hugonga milango kutoa mkono wa Idi na kupewa zawadi. Hapa kwetu Bugolobi, mwaka ule wa 1975, mlango ukigongwa watu walizima redio na kubana pumzi, wakidhani wamejiwa kukamatwa. Kwa hiyo nilimwambia Sabah asigonge. Aite kwa sauti tokea ngazini, na asiende mikono mitupu.

"Ni Sabah wa Hamdun! Idi Mubaraka! Nimeleta kuku!"

Wa kwanza kufungua alikuwa Acayo, mke wa polisi.

"Wee Sabah! Leo ni Krismasi yenu?"

"Ndiyo! Na wewe unanipa kitu!"

"Nani amesema?"

"Bibi!"

Kicheko cha Acayo kilijaa ngazi nzima. Sabah alirudi na bakuli la simsimu, yaani ufuta wa kusagwa, na nyuma yake watoto wanne wa Acayo, wamevaa nguo za kanisani. Wakajipanga mbele ya Bi Kulthum, mikono mbele.

"Shikamoo, bibi. Idi Mubaraka."

"Hawa nao wanataka nini?"

"Mkono wa Idi," Sabah alisema. "Nimewafundisha. Yule mdogo bado anatoa wa kushoto."

Bi Kulthum alicheka hadi kanga ikamwanguka. Akatoa halua aliyokuwa ametuficha hata sisi, akaigawa.

Acayo akachungulia mlangoni. "Mama Sabah, bwana wangu amekula kuku wote! Mimi nimeramba majani tu!"

Nilimtazama mama mkwe. "Haya, mama. Sabah je?"

"Nikimchukua, hawa atawafundisha nani? Abaki." Akavaa buibui, akabeba sahani mbili. "Na ghorofa ya nne hawajala. Nifuateni!"

Akatangulia kupanda ngazi, watoto watano nyuma yake.