Wanaochagua

Twyla Burkhalter ndiye aliyechomeka mabango ya kampeni ya Seneta Holcombe kandokando ya kila barabara ya Harkey, mji mdogo wa jimbo la Oklahoma, Marekani, ulioishiwa mafuta lakini haukuishiwa makanisa. Mabango yalisema: Mzazi Achague. Twyla aliyaamini kwa moyo wote. Nani angekataa kuchagua?

Holcombe akashinda, na sheria yake ikapita. Serikali ya jimbo ikaanza kumlipia karo mtoto anayekwenda shule ya binafsi, na fedha zikachotwa kwenye fungu la shule za umma. Mwaka haukwisha, nusu ya watoto wa Harkey wakahamia Akademia, shule ya binafsi ya kanisa la Wabaptisti. Madarasa ya shule ya umma yakabaki yanapiga mwangwi, na mwezi wa tano bodi ikatangaza kuifunga. Haidhuru, Twyla alijiambia, Maisie naye atahamia.

Maisie ni bintiye, msichana wa miaka tisa. Haongei kwa mdomo. Anabonyeza picha kwenye kompyuta yake ndogo, nayo inamsemea. Anapenda hesabu na hapendi kusubiri.

Mkuu wa Akademia, Ndugu Delbert, ndiye aliyembatiza Twyla. Aliwakaribisha kwa chai baridi ya sukari nyingi, akamwinamia mtoto.

"Haya bibie, kwa nini umeichagua shule yetu?"

Maisie akabonyeza. Mashine ikajibu, "Rafiki zangu wote wako huku."

Ndugu Delbert akacheka, akamtuma akaangalie samaki kwenye tangi la mapokezi. Mlango ulipofungwa akashusha sauti.

"Dada Twyla, mtoto ni malaika. Ila hatuendani naye."

"Hamwendani naye vipi? Kila Jumapili si anakaa kiti cha mbele kanisani kwako?"

"Kanisa ni kanisa, Dada. Hapa hatuna mwalimu wa mambo hayo, na sheria haitulazimishi kumtafuta. Tunachagua watoto tunaoweza kuwahudumia."

"Kumbe nyie ndio mnaochagua?"

"Tutawaombea," alisema Ndugu Delbert, akamfungulia mlango.

Mtu akikutoa nje kisha akakuahidi sala, hasira yako unaipeleka wapi? Twyla aliipeleka nyumbani, akalala nayo, akaamka nayo, mpaka mwezi wa nane, seneta alipokuja kusherehekea sheria yake kwenye ukumbi wa Akademia. Mji mzima ulikuwepo, na nyama ya kuchoma ilijaa meza. Twyla alikuja na Maisie, wakaketi na Loretta, shoga yake tangu utotoni, ambaye wanawe wawili walikuwa wamepokelewa.

"Leo," alisema seneta, "Harkey haina mtoto hata mmoja asiye na pa kuchagua."

Watu wakapiga makofi. Kisha akamwona Twyla.

"Mama wa mabango yule pale! Bila yeye nisingeshinda huku. Mpeni kipaza sauti."

Wakampa. Twyla akasimama.

"Shule ipi, Seneta?"

"Samahani?"

"Huyu binti yangu. Aende shule ipi?"

Seneta akatabasamu. "Yoyote unayoitaka, mama. Ndiyo raha ya sheria yetu."

"Naitaka hii. Imemkataa. Ile ya umma imefungwa."

Seneta akamtazama Ndugu Delbert. Ndugu Delbert akaitazama sahani yake. Ukumbi mzima ukaanza kutafuta kitu kwenye sahani, watu wale wale waliomletea Twyla vyakula vya kuoka Maisie alipozaliwa.

"Tulsa kuna shule nzuri sana za watoto wa aina hiyo," alisema seneta.

"Tulsa ni mwendo wa saa tatu kwa gari, kwenda tu."

Loretta akamvuta mkono wa blauzi. "Kaa, shoga yangu. Utatuharibia na sisi."

Hilo lilimchoma Twyla kuliko yote ya Ndugu Delbert. Angeweza kumjibu kwa kunong'ona. Hakunong'ona.

"Wanao wameshachaguliwa, Loretta," alisema kwenye kipaza sauti, na mpaka wapishi nje wakasikia.

Msaidizi wa seneta akamjia akitabasamu, mkono ameunyoosha. Twyla akakihamishia kipaza sauti mkono wa pili.

"Bado sijajibiwa," alisema. "Shule zinafunguliwa Jumatatu."