Kamba za Uani

"Pokea, dada."

Rula akapokea. Ubao wenye ukingo wa mpira ulitoka mkononi mwa mdogo wake upande wa pili wa meza, ukamfikia katikati ya fremu, naye akauvuta kwake taratibu, rangi ya bluu ikisukumwa mbele ya mpira na kupenya kwenye wavu wa fremu hadi kitambaani. Kisha wakainua fremu kwa pamoja, huyu huku na huyu kule, wakaruka nafasi yenye upana wa fremu nzima, wakaitua tena. Ndivyo kinavyochapwa kitambaa kirefu. Fremu haituliwi juu ya rangi mbichi, kwa hiyo unachapa na kuruka, unachapa na kuruka, hadi mwisho wa meza. Rangi ikishakauka ndipo unaporudi mwanzo kuyajaza mapengo.

Na kabla mapengo hayajajazwa, kosa la maungio, pale fremu moja inapokutana na nyingine, halionekani. Rula alilijua hilo, na mikono ilikuwa ikimwasha.

Darasa zima la sanaa na ubunifu lilimwita Rula kwa sababu ya mistari yake, ambayo hata akiichora huku anapiga soga ilinyooka vilevile. Mdogo wake wakamwita Kiduchu, kwa umbo lake. Hawakuwa wa tumbo moja. Kiduchu alikuwa binti wa mama mdogo, lakini walilelewa nyumba moja na kugombania shuka moja, na aliyemfundisha Kiduchu kushika penseli alikuwa Rula. Wakati wa kwenda chuo kikuu ulipofika, mama yake Rula aliugua, na wa kumuuguza akawa yeye. Mama alipopata nafuu na Rula akaingia chuoni, alimkuta Kiduchu naye anaingia, dawati la jirani, mkoba mpya begani. Alifurahi. Kweli kabisa alifurahi, miezi ya mwanzo.

Furaha ilianza kuchacha pale mwalimu wa vitambaa alipozoea kusimama kwenye meza zao. Kwa Rula aliinama, akayatafuta maungio kwa kidole asiyaone, akasema, "Safi." Alilisema kama mtu aliyeoneshwa sakafu iliyopigwa deki. Kwa Kiduchu hakusema kitu. Alivuta kiti akakaa.

Mwaka huu wa mwisho, watu wa kiwanda cha vitambaa walikuwa wanakuja kwenye maonyesho ya chuo. Wangechagua kitambaa kimoja, basi, na aliyekibuni wangemwajiri katika chumba cha wabunifu. Rula alikuwa amemaliza chake: miraba ndani ya miraba, rangi ya udongo na kijivu, maungio yasiyoonekana hata ukiyatafuta kwa tochi. Alikipenda mpaka siku Kiduchu alipotandaza mchoro wake.

Zilikuwa kamba za kuanikia nguo. Kamba zilizokatiza kitambaa kutoka upande huu hadi upande ule, na juu yake mashati yaliyojaa upepo, suruali ya mtoto iliyobanwa kwa mguu mmoja, shuka iliyoning'inia upande. Ulikuwa ua wa nyumbani kwao. Rula aliutambua hata kabla ya kuvuta pumzi, na kilichompanda hakikuwa kumbukumbu. Ni wivu, wa moto, wa waziwazi. Nani aliyekuwa akianika nguo zile? Ni yeye, mikono juu, maji yakimtiririka hadi kwapani, wakati Kiduchu amekaa kizingitini anaangalia tu. Kumbe kuangalia kwenyewe ndiko kulikuwa kazi.

Walikuwa na desturi yao wawili. Jicho la mchoraji huizoea kazi yake mpaka halioni tena, kwa hiyo kabla ya mchoro kwenda kwenye fremu walibadilishana karatasi. Rula alikunja ya Kiduchu ili ukingo wa kulia ukutane na wa kushoto. Kamba ya chini haikukutana. Ilitoka kulia, ikaingia kushoto upana wa kidole gumba chini zaidi. Kitambaa kizima, kila mahali fremu moja inapokutana na nyingine, kamba ingekatika na nguo zingebaki zinaelea bila kushikwa na kitu.

"Vipi?" Kiduchu aliuliza, mdomo umejaa pini.

"Iko sawa," alisema Rula.

Hiyo ilikuwa jana. Leo walifika mwisho wa meza, wakaegemeza fremu ukutani, wakafungua madirisha ya karakana ili rangi ikauke. Kitambaa kilikuwa kimelala chote, bluu, weupe, bluu, weupe, na kila kipande cha bluu peke yake kilikuwa kizuri kupita kiasi. Wanafunzi wawili waliopita mlangoni walisimama, wakaguna kwa kustaajabu, wakaenda zao. Kwa Rula hakuna aliyewahi kuguna.

Kiduchu alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akafuta vidole kwa kitambaa kichafu zaidi ya vidole. "Mama kapiga simu asubuhi. Anataka kujua kati yetu atachukuliwa nani."

"Ukamwambiaje?"

"Wewe, bila shaka. Nimemwambia kazi ya dada haina kasoro."

Haina kasoro. Rula aligeuka akajifanya anaosha ubao. Mtoto huyu hata kusifu anasifu kwa kisu, na mbaya zaidi, hajui kama kisu kiko mkononi. Angekuwa na majivuno, angekuwa na roho mbaya kidogo tu, kazi ingekuwa rahisi. Rula angemchukia akamaliza.

Alitupia jicho lile pengo la kwanza. Muda si mrefu hata kusema hakutahitajika. Kitambaa chenyewe kitasema, na watu wa kiwanda watakunja midomo, na yeye atatikisa kichwa pamoja nao: pole, mdogo wangu, na mimi sikuona.

"Pameshakauka," Kiduchu alisema, akigusa kwa mgongo wa kidole. "Twende, dada. Tumalize tukale."

Wakaitua fremu kwenye pengo la kwanza. Kiduchu akamwaga rangi kwenye ukingo wa upande wake, akainama, akaanza kuusimamisha ubao. Rula alinyoosha mkono kuungojea, na mkono ukasimama njiani.

Haikuwa huruma. Angetamani baadaye kusema ilikuwa huruma, lakini haikuwa. Miaka yote hii mkono ule ulikuwa umefanya kazi moja tu, kukutanisha kingo, na sasa ulitakiwa kuvuta rangi juu ya ukingo usiokutana. Mdomo ulikuwa umeweza. Mkono ulikataa.

"Ngoja."

"Nini?"

"Usivute. Kamba ya chini haikutani."

Kiduchu alicheka kidogo, kisha akaacha. Waliitoa fremu. Akachukua uzi, akaubana kwa kidole kwenye kamba ya kipande cha kwanza, akaunyoosha juu ya pengo hadi kipande cha pili, akapima, akarudia kupima.

"Uliona lini?"

Neno "sasa hivi" lilikuwa jepesi, lilikuwa mdomoni tayari.

"Jana," alisema Rula. "Nilipokunja."

"Ukasema iko sawa."

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni nzuri," alisema Rula, na sauti ilimkatika kwa hasira zaidi kuliko aibu. "Ndiyo sababu."

Kiduchu hakulia wala hakufoka. Alikwenda kabatini akakata karatasi nyembamba inayopitisha nuru, akaja kuitandika juu ya pengo. Ingebidi kutengeneza fremu ya pili, ya mapengo tu, na kabla ya maonyesho ilibaki siku ya kesho peke yake.

"Nitakuchorea," Rula alisema. "Kuunganisha ninajua. Haitaonekana."

"Usiguse."

Akachora mwenyewe. Hakujaribu kuificha tofauti, kama ambavyo Rula angefanya. Aliiacha kamba ilegee, ishuke polepole chini ya blanketi zito lililolowa, hadi ikafika pale ilipotakiwa kufika. Ilikuwa nzuri kuliko mwanzo. Rula aliona hivyo papo hapo, na wivu ukampanda tena, uleule, haukupungua hata chembe.

Upepo wa dirishani uliinua pembe ya karatasi.

"Shika hapo," Kiduchu alisema, bila kuinua macho.

Rula alikandamiza karatasi kwa kidole. Penseli ikaja polepole kuelekea kwake, ikafika kwenye ukucha, ikasimama. Kiduchu hakumwambia asogee. Rula akainua kidole, mstari ukapita.